Tamale za Bibi Ramoncita

Siku za kazi, Odelia Maestas alipika katika jiko la shule. Alichemsha maharage, akachoma mikate, akawapakulia watoto na kuwatania wale wasiotaka mboga. Siku hizo zilipita upesi. Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu.

Mumewe, Celedonio, alikuwa amefariki wakati wa theluji. Tangu hapo nyumba haikuwa na sauti ila ya friji. Kiti chake kilibaki karibu na jiko la kuni. Odelia hakukikalia wala hakukiondoa.

Basi aliposikia kwamba kituo cha ziara za familia kinatafuta mwangalizi wa Jumamosi, alikwenda. Mkuu wa kituo alikuwa Verna Quintana, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Ndiye aliyemfundisha kazi.

"Hapa wanakuja watoto ambao wazazi wao wameachana," Verna alisema. "Mahakama imesema mzazi mmoja asikae na mtoto peke yake. Labda alilewa. Labda alipiga. Labda bado haijajulikana. Mtoto anahitaji kumwona mzazi wake, na anahitaji kuwa salama. Wewe unakaa nao chumbani ili yote mawili yawezekane."

"Nikae tu, dada?"

"Unakaa, unatazama, unasikiliza. Hakuna kumnong'oneza mtoto. Hakuna kumchimba habari za mzazi mwingine. Hakuna kumpa ujumbe apeleke nyumbani. Mzazi akikosea, mkumbushe kwa upole. Akirudia, simamisha ziara. Kisha andika ulichoona na ulichosikia. Usiandike ulichodhani."

"Na roho yangu ikiniambia huyu mtu ni mbaya?"

"Roho yako haiitwi mahakamani, Odelia."

Familia aliyopewa ilikuwa ya Gilbert Lucero na binti yake Analisa, mtoto wa miaka sita. Mji mzima uliijua habari yao. Gilbert alikunywa, akaendesha pikapu na mtoto ndani, wakaishia kwenye mfereji wa mashamba. Analisa alitoka na mkono uliovunjika. Mama yake, Corrine, alimchukua mtoto na kuhama. Hakimu aliamuru Gilbert amwone binti yake kituoni tu, na kesi isikilizwe tena baada ya mwaka mpya. Kama taarifa za kituo zingekuwa nzuri, ziara zingeendelea. Kama zingekuwa mbaya, huenda zingekoma.

Odelia alikuwa ameiona pikapu ile mferejini kwa macho yake. Kwa hiyo alimtazama Gilbert kama paka anavyotazama tundu la panya.

Gilbert alikuja mapema kila Jumamosi. Alikaa sakafuni, akajenga nyumba za vipande vya mbao, akakubali kuwa farasi. Odelia aliyaandika yote hayo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye chupa ya chai yenye rangi ya kijani. Gilbert aliiweka kando ya buti zake. Kila mara alimimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa, akafunga kwa nguvu.

"Kwa nini anaifunga hivyo?" Odelia alijiuliza. "Anaficha nini?"

Siku moja Gilbert alitoka kwenda msalani. Odelia aliinama, akafungua ile chupa, akanusa. Kahawa. Kahawa chungu, basi.

"Umeridhika, mama? Au uonje kabisa?"

Gilbert alikuwa amesimama mlangoni. Analisa aliacha kucheza, akawatazama wote wawili.

"Niliona kama inavuja," Odelia alisema.

"Ndiyo. Inavuja," Gilbert alijibu. Siku ile hakuwa farasi tena.

Odelia aliona haya, lakini shaka haikumtoka. Leo kahawa, alijiambia. Wiki ijayo je?

Jumamosi iliyotangulia Krismasi, ziara iliisha vizuri. Kama kawaida, Corrine aliondoka kwanza na mtoto kupitia mlango wa mbele. Gilbert alingoja kidogo, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Leseni alikuwa amenyang'anywa, hivyo mama yake, Bibi Ramoncita, alikuwa akimngoja ndani ya gari. Odelia naye alikuwa anatoka.

"Wewe! Mke wa marehemu Celedonio!" bibi aliita. Alishusha kioo, akatoa furushi la foili lililokuwa bado moto. "Chukua, mwanangu. Nasikia mwaka huu hukupika."

Zilikuwa tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kupikwa ndani ya maganda yake. Harufu ya unga wa mahindi na pilipili nyekundu ilimpanda Odelia puani. Katika bonde lao, tamale za Krismasi hazikataliwi, hata zikitoka kwa adui. Kuzikataa ni kumtemea mtu mkononi. Tena Celedonio ndiye aliyekuwa akitandaza unga kwenye maganda ya mahindi kila mwaka, huku akiimba vibaya. Mwaka huu maganda yalibaki kabatini.

Odelia alinyoosha mikono, akapokea.

Hapo hapo gari la Corrine likarudi na kuzunguka hadi nyuma. Analisa alikuwa amesahau kofia yake. Corrine aliona foili, akaona mkono wa bibi, akafunga breki.

"Hee! Kumbe bei yako ni tamale!"

"Sivyo, mwanangu, ni kwa ajili ya..."

"Mimi si mwanao. Mwanao ni yule ambaye mama yake anakulisha!"

"Corrine, usimtukane mtu mzima," Bibi Ramoncita alisema.

"Na wewe bibi usininunulie shahidi! Namwambia hakimu. Kituo kizima mmekihonga. Hamtamwona huyu mtoto tena!"

Kwenye kiti cha nyuma Analisa alikuwa ameziba masikio. Gilbert, aliyekuwa ameshaingia garini kwa mama yake, alimwona kupitia kioo. Alifungua tu chupa yake, akanywa.

Jumatatu, baada ya kazi ya shule, Odelia aliitwa na Verna.

"Ulizila?" Verna aliuliza.

"Mbili. Nilikuwa nalia, nikala."

Verna alivuta kiti karibu.

"Najua hukuuza kitu, dada. Lakini nisikilize. Umeandika kwamba Gilbert anakuja mapema, hanuki pombe, anacheza na mtoto vizuri. Ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Sasa Corrine atamuuliza hakimu, nani ameandika hayo? Ni mtu aliyelishwa na mama yake Gilbert. Ukweli wako umeshanuka nyama. Bibi alitaka kukufariji. Wewe ulitaka kumheshimu. Na anayeumia ni Analisa, kwa sababu neno pekee linaloweza kumsaidia hakimu halina nguvu tena."

Odelia alijifuta macho kwa ncha ya skafu yake. Kisha, kwa kuwa tayari alikuwa ameaibika, akasimulia habari ya chupa pia.

"Lo! Ulimnusia mtu chupa yake nyuma ya mgongo?" Verna aliuliza. "Huo ni ujasusi. Ukiwa na shaka, iseme mbele ya mtu. Muulize mlangoni, kabla mtoto hajafika. Na muulize kila mzazi, hata akiwa padri. Akikataa kuifungua, chupa inabaki nje. Ukisikia harufu ya pombe, ziara haianzi, unaniita mimi."

"Na tamale je? Yule bibi nikimrudishia chakula, atadhani namlaani."

"Usimpe mgongo, mpe maneno. Mwambie, 'Ahsante, mama. Katika kazi hii sipokei kitu kwa mtu yeyote, ili neno langu lisimame.' Maneno hayo hayo kwa kila mtu. Ukiyabadilisha mara moja tu, yamekufa."

Odelia aliyarudia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayejifunza sala. Kisha Verna akamtaka aandike taarifa yote: kwamba alipokea, kwamba alikula mbili, kwamba aliifungua chupa ya Gilbert bila ruhusa, kwamba ameonywa. Verna naye aliwapigia simu wazazi wote wawili akawaeleza.

Corrine alitaka mwangalizi mwingine, lakini hakukuwa na mwingine mpaka baada ya sikukuu. Verna akaahidi kukaa chumbani yeye mwenyewe pamoja na Odelia.

"Sawa," Corrine alisema. "Lakini nitakuwa nawatazama, wote wawili."

Jumamosi iliyofuata Odelia alimpokea Gilbert mlangoni.

"Gilbert, kuna nini kwenye chupa?"

"Leo huibi harufu?"

"Leo naomba. Na ile siku nilikosea. Ningekuuliza."

Gilbert alimtazama kwa muda, akitafuta mtego. Kisha akafungua. Mvuke wa kahawa ukatoka.

"Hii ndiyo inayonishika mkono nisiguse pombe, mama," alisema taratibu. "Ukiniona nainywa sana, ujue siku hiyo imekuwa nzito. Naifunga kwa nguvu ili mtoto asijiunguze. Basi."

Muda wote ule Odelia alikuwa ameangalia mkono unaofunga, asione mtoto aliyekuwa karibu nao.

Ziara ilipoisha na Corrine akawa bado anamvisha mtoto koti mbele, Odelia na Verna safari hii walimsindikiza Gilbert kwanza, kwa mlango wa nyuma, mpaka kwenye gari. Bibi Ramoncita alishusha kioo. Foili nyingine ilikuwa mapajani mwake.

"Ahsante, mama," Odelia alisema kabla haijanyanyuliwa. "Katika kazi hii sipokei kitu kwa mtu yeyote, ili neno langu lisimame."

"Mama yako ndiye aliyekufundisha kukataa chakula?"

"Hapana, mama. Lakini nikila chako, atakayekaa na njaa ni mjukuu wako."

Bibi alikaza midomo, akapandisha kioo. Hakuaga. Maneno ya bibi yalimchoma Odelia, lakini alisimama pale pale mpaka gari likaondoka.

Aliporudi ndani, alimkuta Corrine peke yake kwenye baraza la mbele. Mtoto alikuwa tayari ndani ya gari. Corrine alikuwa na mfuko wa karatasi mkononi.

"Mama Odelia, siku ile nilikuwa na hasira," alisema kwa sauti laini. "Chukua hizi za sikukuu. Nimezikaanga leo asubuhi."

Zilikuwa mbegu za msonobari, zile ambazo watu wa pale huziokota mlimani kabla ya theluji. Celedonio alikuwa akizipasua kwa meno akiwa kitini kwake na kutupa maganda jikoni, kwenye moto. Odelia alisikia mlio wa maganda hayo masikioni.

"Ahsante, mwanangu. Katika kazi hii sipokei kitu kwa mtu yeyote, ili neno langu lisimame."

"Hata za kuomba radhi?"

"Hasa hizo."

Corrine aliukunja mdomo wa mfuko. Sauti yake laini iliisha.

"Ungezichukua, ningempigia mwanasheria wangu hapa hapa. Ulijua nakupima?"

"Sikujua. Wala sina haja ya kujua. Jibu ni lile lile."

Corrine akateremka ngazi.

Baada ya mwaka mpya hakimu alisoma taarifa zote, pamoja na ile ya tamale na ya chupa. Alimuuliza Corrine kama bado ana shaka na mwangalizi.

"Kumpenda, simpendi sana," Corrine alijibu. "Lakini neno lake naliamini."

Ziara ziliendelea. Theluji iliyeyuka, mifereji ikajaa maji. Gilbert hakukosa Jumamosi hata moja, na kila mara aliifungua chupa mlangoni kabla ya kuulizwa. Wakati wa kuvuna pilipili, hakimu alimruhusu kukaa na binti yake nyumbani kwa Bibi Ramoncita, bila mwangalizi. Kesi ikafungwa. Siku ya mwisho Analisa alimpungia Odelia mkono kwa mkono ule uliowahi kuvunjika.

Krismasi ilikaribia tena. Jumapili moja mchana, Odelia alisikia mtu akigonga mlango. Alikuwa Bibi Ramoncita na sufuria ya nyama ya pilipili.

"Nimemuuliza yule Verna wako," bibi alisema bila salamu. "Amesema kesi imefungwa na hapa si kituoni. Sasa je? Bado mdomo wako una kufuli?"

Odelia alicheka, akampokea sufuria. Mezani kulikuwa na unga uliokandwa na maganda ya mahindi yaliyolowekwa. Aligeuka, akakivuta kiti kilichokuwa karibu na jiko la kuni, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Nisaidie kutandaza."