Nusu Iliyokwenda Moree

Tausala alikwama kwenye geti la stesheni ya Central, Sydney, saa mbili asubuhi, watu waendao kazini wakiwa wamejazana nyuma yake. Alivaa gauni la maua mekundu na ua la plastiki sikioni, na kadi yake alishaisugua kwenye mashine mara nne bila geti kufunguka.

"Gusisha tu, dada. Hiyo si pasi ya nguo," ilisema sauti ya kiume.

"Na wewe si mume wangu. Subiri zamu yako."

Bevan, fundi umeme wa Armidale aliyekuja mjini kwa kozi ya wiki mbili, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kesho yake walikunywa kahawa. Siku ya nane walikuwa wanaitana mpenzi. Kozi ilipokwisha Bevan alirudi kwao, na Jumamosi Tausala akapanda treni kumfuata, ili akaonane na mama wa Bevan. Tausala alikuwa mwalimu kutoka Apia, Samoa, mtalii tu, na kwao hakuna reli hata moja. Jumatatu ilikuwa ndege ya kurudi. Ni Jumamosi hiyo au basi.

Behewa lilijaa. Kwenye stesheni ya Maitland akaingia bibi mwenye fimbo, akasimama katikati akitafuta pa kukaa. Tausala hakungoja aombwe. Kwenye mabasi ya kwao mzee akipanda, vijana huhamia nyuma, na viti vikiisha hupakatana. Akamketisha bibi, akabeba begi lake mwenyewe, akaenda nyuma mpaka behewa la mwisho. Akalala.

Alipoamka, kondakta alikuwa amesimama mbele yake.

"Unakwenda Moree?"

"Armidale."

Kondakta akajikuna kidevu. "Tulikata treni pale Werris Creek, dada. Nusu ya mbele imekwenda Armidale. Sisi ni Moree. Nilitangaza."

"Mnakata treni na watu wakiwa ndani?"

"Kila siku."

Akamshusha stesheni iliyofuata, Gunnedah, mahali penye benchi moja na nzi wengi. Tausala akapiga simu.

"Bevan, niko Gunnedah."

"Gunnedah? Unafanya nini Gunnedah?"

"Unaniuliza mimi? Wiki nzima umenieleza mama yako anavyochoma mguu wa kondoo. Umenieleza hata kondoo mwenyewe. Hukupata nafasi ya kusema treni yenu inakatwa vipande viwili?"

"Lakini mpenzi, kila mtu anajua hilo."

"Kila mtu nani?"

"Yaani... kila mtu."

"Basi kamuoe huyo kila mtu."

Akakata, akazima simu. Kupotea hakukumuuma sana. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amefanya jambo la adabu, na sasa anaonekana mjinga. Akaamua: kesho treni ya kurudi Sydney, kesho kutwa nyumbani, na Bevan ale kondoo wake.

Saa mbili na nusu baadaye gari lenye vumbi lilisimama. Wa kwanza kushuka alikuwa mama mfupi, aproni bado kiunoni. Bevan alimfuata, shati jeupe limelowa jasho.

"Ni huyu?" mama aliuliza. "Binti, mimi ningeshaondoka."

"Nilikuwa mbioni, mama."

"Kwa nini hukukaa kwenye kiti chako?" Bevan aliuliza. "Nilikuchagulia behewa la mbele makusudi."

"Kulikuwa na bibi amesimama."

Mama akamgeukia mwanawe. "Alimpisha bibi kiti, na wewe ukamfokea?"

"Sikumfokea. Nilisema kila mtu anajua."

"Hilo ni baya zaidi."

Bevan akavua kofia. "Nisamehe. Nilizaliwa kando ya reli hiyo, sikufikiri kuna asiyeijua. Kuna jambo nilitaka kukuuliza mezani, nikiwa msafi."

"Uliza hapa hapa. Nina hasira, lakini nasikia."

"Utakubali nikuoe?"

Tausala akafungua mlango wa mbele wa gari, akamketisha mama, akamfungia mkanda. Kisha akamtazama Bevan kuanzia viatu mpaka nywele.

"Njoo Apia umwombe baba. Akikubali, nami nimekubali. Ila kutoka uwanja wa ndege utapanda basi, peke yako."

"Hata leo. Kuna utaratibu wowote ndani ya basi hilo? Nikae wapi, nishukeje?"

Tausala akaingia nyuma, akavuta gauni lake vizuri.

"Kila mtu anajua," akasema.