Bahari Sebuleni

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya kaunta ya duka la samaki wa mapambo akiwa amekumbatia tangi tupu la kioo. Duka lilikuwa limejaa. Pampu zilivuma, watoto walibandika pua kwenye vioo, na foleni ilifika hadi mlangoni. Tangi lilikuwa dogo lakini zito, na hakutaka kuliweka chini, kwani sakafu ilikuwa imelowa na alikuwa amevaa gauni la kitani la rangi ya samli, lenye mshono uliokaa kiunoni kama uliochorwa.

"Nipe na wale wawili," alimwambia muuzaji, akiwaonyesha kwa kidevu samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe. "Na chumvi yao. Nikifika nyumbani nakoroga, nawaweka."

"Watakufa kabla ya Jumatatu," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Mwenye sauti alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye miwani, na shati la buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Wewe ndiye daktari wao?"

"Hapana. Mimi napima maji. Nafanya kazi maabara, idara ya maji."

"Basi pima ya huko kwenu, kaka. Haya ni yangu."

"Bado hayajawa maji. Ni unga wa chumvi ndani ya mfuko."

Muuzaji alicheka. Mzee mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Jamani, chumbianeni pembeni, wengine tuna haraka!"

Walikwenda pembeni. Mpima maji alimpokea tangi na kueleza jambo lenyewe. Samaki hujisaidia majini, na uchafu huo ni sumu. Baharini kuna bakteria wanaoula. Katika maji mapya hawamo. Lazima mtu aweke kwanza mawe yenye uhai, yaani mawe yaliyotoka baharini na bakteria wao, kisha asubiri waongezeke.

"Maji mapya ni kama nyumba isiyo na choo," alisema. "Ukiingiza wapangaji siku hiyo hiyo, watauawa na uchafu wao wenyewe."

"Kusubiri mpaka lini?"

"Wiki kadhaa. Maji yenyewe ndiyo yataamua."

Mwanamke alimtazama kama anayetazama kitambaa kabla ya kukikata. "Mimi nashona magauni ya harusi. Kila mteja anataka lake jana. Unajua nilitaka samaki wa nini? Nilitaka kitu nyumbani kinachotembea bila kuniuliza gauni limefika wapi."

"Mawe pia hayaulizi."

Alicheka kabla hajajizuia. Mpima maji ndiye aliyebeba tangi mpaka nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

*

Sebule ya fundi ilikuwa ndiyo karakana yake. Cherehani ilikaa dirishani, magauni meupe yalining'inia ukutani ndani ya mifuko ya plastiki, na kwenye kochi alikaa shangazi yake, mama mnene mwenye ulimi mwepesi, akiondoa nyuzi kwenye pindo.

Waliliepusha tangi na jua la dirishani, wakaliweka juu ya kabati imara. Mpima maji alipima usawa wa kabati mara mbili. Walikoroga chumvi katika ndoo ya maji yaliyosafishwa, si ya bomba, wakamwaga mchanga mweupe, wakapanga mawe yasigusane sana ili maji yapite katikati. Pampu ikawashwa. Maji yalikuwa kama maziwa, yakatulia taratibu, na mwishowe mawe yakaonekana.

"Samaki wako wapi?" shangazi aliuliza.

"Bado, shangazi," alisema fundi.

"Kwa hiyo mmekaa mnatazama mawe."

"Ndiyo."

"Mnasubiri yaote?"

"Kwa namna fulani, ndiyo, mama," alisema mpima maji, kwa heshima na bila kutabasamu. Shangazi alimwangalia, akamwangalia na mpwa wake, akarudi kwenye nyuzi zake. Tangu siku hiyo alimwita Bwana Vipimo.

Maji yalihitaji kupimwa Jumatano na Jumamosi. Bwana Vipimo alianza kuja na Jumatatu pia, na hakuna aliyemkumbusha kwamba haikuwa lazima. Siku asizokuja alipiga simu wakati wa chakula cha mchana.

"Umetia dawa ya kupimia kwenye kichupa? Rangi gani?"

"Njano."

"Njano ya limau au ya kiini cha yai?"

"Njano ya gauni la msimamizi niliyemshonea mwezi uliopita."

"Sikumwona."

"Ulikosa uhondo. Mwache huyo. Umekula?"

"Bado."

"Utapima vya watu wote ufe na njaa. Nenda kale."

"Haya. Kazi njema, mpenzi."

Upande mmoja cherehani iliacha kulia.

"Umesema nini?"

"Nimesema kazi njema."

"Baada ya hapo."

"Na chumvi usiongeze. Maji yakipungua, ongeza maji matamu tu, kwa sababu kinachopotea hewani ni maji, chumvi inabaki."

"Rudia neno lile, Bwana Vipimo, au nakata simu."

"Mpenzi."

"Haya. Na wewe kazi njema, mpenzi wangu. Kale."

Sumu ilipanda, ikashuka, ikaisha. Kwenye mawe paliota utando wa kahawia, kisha wa kijani. Siku kichupa kilipobaki bila rangi ya hatari, Bwana Vipimo alileta konokono wa baharini wa kula utando huo, na kipande cha tumbawe laini, chenye vidole vya waridi vilivyofunguka na kujikunja kwa mwendo wa maji. Fundi alivaa sketi ndefu ya kijani siku hiyo. Walikaa bega kwa bega mbele ya kioo mpaka chai ikapoa.

Alipoondoka, fundi alimwambia shangazi yake bila kuzunguka: "Akiniuliza tuoane, nitakubali."

"Na asipouliza?"

"Atauliza. Anahakikisha kwanza. Ndivyo alivyo."

*

Konokono wa kwanza alifia mchangani. Wa pili alifuata. Tumbawe lilijikunja, likabaki ngumi. Bwana Vipimo alipima kila alichokuwa amezoea kupima, na vyote vilikuwa sawa. Kisha alileta kutoka maabara dawa ya kupimia shaba. Maji yakageuka buluu: shaba ilikuwamo.

Shaba kidogo tu huua konokono na matumbawe. Hilo halina ubishi. Aliipima chumvi, akayapima na maji yaliyosafishwa. Havikuwa na shaba. Aliifungua pampu, akaikagua hita ya kupashia maji joto. Hakuna. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa kimoja: dawa za kutibu samaki, nyingi zina shaba.

"Nani ameweka dawa humu?" aliuliza.

"Hakuna aliyeweka," alisema fundi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni, kwenye kifundo cha mkono amefunga kimto kidogo cha kuchomekea pini.

"Labda uliona tumbawe limenyauka, ukataka kulisaidia. Si kosa kubwa. Niambie tu."

"Sijaweka kitu."

"Au shangazi?"

"Mimi?" shangazi aliruka. "Mimi hata chumvi ya mchuzi naisahau, nitakumbuka ya kuwatilia konokono?"

Bwana Vipimo aliinua kichupa. Buluu ilionekana vizuri dhidi ya magauni meupe. "Kipimo hakidanganyi."

Fundi alisimama. Hakupaza sauti, na hapo ndipo shangazi alipojua kwamba mambo yameharibika. "Kama chenyewe hakidanganyi, anayedanganya ni nani humu ndani?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Nimekwambia mara mbili sikuweka. Hujauliza ya tatu, umeinua kichupa. Mtu nitakayeishi naye nikisema sikufanya, atakuwa akienda kupima kwanza?"

"Mimi nataka tu kujua shaba imetoka—"

"Basi kaoe kichupa. Mlango huo."

Aliondoka na kisanduku chake cha dawa za kupimia.

*

Siku zilizofuata simu ililia mara chache, na waliopiga walikuwa wateja. Fundi alishona bila redio. Mwishoni mwa wiki alikunja mikono ya blauzi na kuamua kulivunja tangi. Aliyahamisha mawe na tumbawe kwenye ndoo, akayateka maji, akaanza kuchota mchanga kwa kikombe na kuumwaga kwenye karai.

Katika kikombe cha tatu alisikia mkwaruzo.

Zilikuwa pini. Zilikuwa zimegeuka kijani, nyingine zimelika hadi kubaki nyembamba kama unywele. Fundi alizitoa moja moja, akazipanga kwenye kiganja. Mshonaji wa magauni ya harusi hatumii pini za chuma, maana chuma kikishika kutu huacha doa ambalo hakuna sabuni itakayolitoa kwenye kitambaa cheupe. Hutumia za shaba ya njano. Alikuwa akiinama juu ya tangi kila siku, kuongeza maji, kunyoosha tumbawe, kimto kimefungwa mkononi. Sumaku aliyoipitisha kwenye kioo cha tangi kukisafisha ingezikamata kama zingekuwa za chuma. Shaba haishikwi na sumaku.

Alikaa sakafuni. Shangazi alikuja, akatazama kiganja, akaelewa.

"Haya, mpigie simu."

"Hapana."

"Hapana ya nini? Ushahidi si huo?"

"Ndiyo sababu, shangazi. Nikimpigia atakuja kwa ajili ya pini. Nataka aje kwa ajili yangu."

"Na asipokuja?"

"Basi hakuja."

"Mwanangu, kiburi hakipikiki."

"Si kiburi. Siku moja patakuwa na jambo jingine, na hapatakuwa na pini. Nataka kujua leo."

Shangazi aliguna, akachukua simu ya mpwa wake, akaiweka mezani karibu naye, kioo juu, akaenda zake jikoni. Mawe yalikaa ndoani, pampu ndogo ikiyazungushia maji mapya ya chumvi. Fundi hakuyatupa.

Simu ililia kesho yake mchana. Aliiacha ilie kidogo.

"Ni mimi," alisema Bwana Vipimo.

"Naona."

"Naomba nije."

"Umegundua nini?"

"Sijagundua kitu. Nimerudia vipimo vyote. Nimepima mpaka maji ya kusuuzia vichupa. Sijui shaba ilitoka wapi."

"Sasa unakuja kufanya nini?"

"Kukuambia kwamba hukuweka dawa."

Fundi alizichukua zile pini mezani, akazikunjia ngumi, zikamchoma. "Umejuaje?"

"Ulisema."

"Nilisema na siku ile."

"Siku ile nilikusikia, sikukuamini. Nilikuwa na hoja moja imebaki, nikadhani ikibaki moja ndiyo kweli. Kumbe ilibaki moja kwa sababu mimi sijui nyingine. Nisamehe, mpenzi. Hata tusipojua kamwe."

Jikoni, sufuria ziliacha kugongana.

"Njoo," alisema fundi. "Vaa shati la kuchakaa. Kuna mchanga wa kuosha."

Alikuja na shati lile la buluu, limepigwa pasi. Fundi alimfungulia akiwa na vazi la hariri la rangi ya zambarau ambalo halikushonwa kwa ajili ya kuosha mchanga. Waliangaliana juu hadi chini.

"Nilikwambia la kuchakaa."

"Na wewe ndilo la kuchakaa hilo?"

Hapo ndipo alipofungua kiganja. Bwana Vipimo alivua miwani, akaivaa tena, akaziangalia pini zile moja moja.

"Ulizipata lini?"

"Jana. Kabla hujapiga."

"Na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

Alifikiri. Kisha alicheka, kicheko kikubwa ambacho shangazi alikuwa hajawahi kukisikia kwake, na fundi akacheka, na kilio kidogo kikachanganyika humo.

"Shaba ilikuwa yangu," alisema fundi, akijifuta. "Nisamehe na mimi. Niliwaua konokono wa watu."

"Kimto kinavuliwa kabla ya kuinama."

"Kinavuliwa, mume wa vichupa."

*

Mchanga uliondolewa wote, ukawekwa mwingine. Waliyabadilisha maji kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na kuweka mkaa maalumu wa kuchujia. Kichupa cha kupimia shaba kilipobaki bila buluu, walileta konokono wengine, wakaishi. Tumbawe lilifunguka kidole kimoja, kisha vyote. Baada ya hapo tu ndipo waliporudi dukani pamoja na kuchagua samaki wawili.

Mfuko wa samaki ulielea juu ya maji ili joto la ndani na la nje lilingane. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri. Fundi alikuwa ameushika mfuko usipinduke.

"Hawa bado ni wadogo," Bwana Vipimo alieleza. "Wote ni madume, ndivyo aina hii huzaliwa. Yule mkubwa ndiye atakayegeuka jike, na atakuwa mtawala."

"Na mdogo?"

"Mdogo atakuwa mume. Atatii."

"Nimewapenda samaki hawa."

"Unaonaje tuoane?"

Shangazi aliacha uzi mdomoni. Fundi aligeuza shingo, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Hivyo ndivyo unavyouliza? Katikati ya somo?"

"Nilikuwa nimepanga kuuliza baada ya somo. Nikaona linachelewa."

"Hukuhakikisha kwanza?"

"Hapana. Sina uhakika hata kidogo."

"Ndiyo," alisema fundi. "Nimekubali. Shangazi, usipige vigelegele, utawatisha samaki."

Shangazi alipiga. Samaki hawakuonyesha dalili ya kutishika. Bwana Vipimo aligusa maji ya ndani ya mfuko, akagusa ya nje, akaitikia kwa kichwa, na fundi akaufungua. Mkubwa alitoka kwanza, akazunguka jiwe lote. Mdogo akamfuata.