Daktari Aliyefungua Kitabu

Duka la kinyozi lilikuwa dogo, jirani na posta. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, vioo viwili, benchi la kusubiria na wembe ambao watu waliusifu kuliko walivyomsifu mwenyewe. Jina halisi la kinyozi wachache walilikumbuka. Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumharakisha mtu. Alikunyoa ndevu huku akikusimulia habari za mtaa mzima, na kabla hajafika kidevuni, wewe ulishalala. Mtu kulala huku wembe uko shingoni si jambo dogo. Imani hiyo ndiyo iliyomlisha Taratibu, mkewe fundi cherehani, na binti yao aliyekuwa chuoni akisomea udaktari.

Kila asubuhi mkewe alimwekea mezani glasi ya maji na kidonge kimoja kidogo. Miezi mitatu nyuma, Taratibu alipimwa akakutwa na presha ya kupanda. Aliandikiwa dawa inayoitwa enalapril. Jina hilo lilikuwa gumu, kwa hiyo nyumbani wakaiita kidonge cha asubuhi. Taratibu hakukosa kukinywa hata siku moja. Kwa hilo alistahili pongezi, na mkewe alimpongeza.

Kisha kikaja kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa. Kilianza kama unyoya unaotekenya kooni, halafu kikalipuka bila hodi. Taratibu alikunywa asali, akanywa tangawizi, akanywa dawa nyekundu ya chupa, kisha ya kahawia. Alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Alipigwa picha ya kifua, ikatoka safi. Alimpigia simu binti yake, naye akamjibu haraka kwamba hicho ni kifua tu, aendelee na dawa ya kikohozi, yeye ana mtihani kesho. Wiki ya sita ikafika, na kikohozi hakikuwa na mpango wa kuhama.

Sasa, fundi viatu akikohoa, kiatu hakilalamiki. Kinyozi akikohoa ni habari nyingine. Siku moja alikuwa akimnyoa mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka kumi na minne. Mwalimu alikuwa amefumba macho kama kawaida. Unyoya ukatekenya. Taratibu alijaribu kuumeza, akashindwa, mkono ukaruka na wembe ukapita kwenye sikio la mwalimu.

Kidonda kilikuwa kidogo. Mwalimu alijifuta damu akasema si kitu, mambo hutokea. Lakini wiki iliyofuata alipita upande wa pili wa barabara, kofia kaivuta chini, na chini ya kofia nywele zilikuwa zimekatwa upya. Taratibu alimwona kupitia kioo. Iliuma kuliko kutukanwa. Siku hiyo aliufungia wembe kwenye droo. Akabaki na mashine ya kunyolea tu, na wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja. Alijua kikohozi kile kisipokoma, duka litafungwa.

Mkewe akamsukuma aende kituo cha afya. Huko alimkuta daktari mgeni, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Alimuuliza kikohozi kilianza lini, na kama anatumia dawa yoyote.

"Dawa za kikohozi tu," alijibu Taratibu.

"Nyingine?"

"Hakuna. Labda kile kidonge cha asubuhi, cha presha."

Daktari aliuliza jina la kidonge hicho. Taratibu alipolitaja kwa shida, kalamu ya daktari ikasimama. Akageuka, akatoa rafuni kitabu kinene kama tofali, akakiweka mezani na kuanza kufunua kurasa.

"Nisubiri kidogo, baba," alisema. "Nataka kuhakikisha."

Moyo wa Taratibu ulishuka hadi kwenye soksi. Daktari anasoma kitabu mbele ya mgonjwa! Kwake hilo lilikuwa sawa na kinyozi kumuuliza mteja wembe unashikwa upande gani. Alivumilia kurasa mbili. Kisha akasimama, akadanganya kwamba amemwacha mteja dukani na nusu ya ndevu, akaondoka kabla daktari hajainua kichwa vizuri.

Nyumbani alimkuta mkewe kainamia kitambaa, mkasi mkononi. Alimweleza yote kwa hasira. Wametuletea mtoto wa shule, alisema, bado anadurusu.

Mkewe hakuinua macho. Alitandaza futi yake juu ya kitambaa, akatia alama kwa chaki.

"Mimi nashona mwaka wa ishirini na mbili," alisema. "Umewahi kuniona nakata kabla sijapima?"

"Hiyo ni nguo."

"Ndiyo. Nguo nikikosea, nafumua. Wewe daktari akikukosea, atakufumua?"

Taratibu akatafuta kofia yake. Alitoka, akaenda duka la dawa la kona. Muuzaji alimsikia akikohoa mara moja tu, akamkabidhi chupa ya dawa ya kikohozi na mafua. Hakuuliza swali wala hakufungua hata daftari. Taratibu alirudi akijisifu kwamba amempata anayejua kazi yake.

Siku ya pili kichwa kilianza kumgonga. Siku ya tatu moyo ulimwenda mbio, ingawa alikuwa amekaa. Kikohozi kilikuwa palepale. Ndivyo binti yake alivyomkuta aliporudi likizo: baba kakaa kwenye kiti cha wateja, kashika kichwa kwa mikono miwili, duka tupu.

Binti alichukua chupa na pakiti ya vidonge. Akatoa simu, akafungua muhtasari wake wa masomo, kurasa tano alizozitegemea kwa kila mtihani. Alikuta jina la kidonge, kundi lake na kipimo chake, halafu orodha fupi ya madhara, maneno matupu bila sababu. Kuhusu chupa hakukuta kitu. Aliangalia uso wa baba yake, akaogopa. Hakuendelea kutafuta.

"Mama kaniambia yote. Baba, twende kwa yule daktari."

"Yule wa kitabu?"

"Huyohuyo."

Daktari alimpima presha mara mbili. Ilikuwa juu kuliko siku ile aliyoanza dawa. Akapima na mapigo ya moyo, akamtazama.

"Yule mteja wako wa nusu ndevu," alisema, "ulimmaliza?"

Taratibu aliona aibu, akakiri kwamba mteja huyo hakuwahi kuzaliwa. Daktari alicheka kidogo, wala hakumsema. Akakitoa tena kile kitabu, akakifungua palepale alipokuwa amebandika karatasi siku ile. Safari hii akakigeuza ili baba na binti waone.

Aliwaeleza polepole. Ndani ya mwili, alisema, kuna kitu kinachofanya kazi mbili, mithili ya kibarua mmoja. Kwanza kinasaidia kubana mishipa ya damu. Kidonge cha asubuhi kinamfunga kibarua huyo mikono, mishipa inalegea na presha inashuka. Hadi hapo ni heri. Lakini kibarua huyohuyo ndiye pia anayefagia vitu fulani vinavyowasha njia ya hewa. Akifungwa mikono, takataka zinarundikana na koo linawasha. Si kwa kila mtu, ila kwa baadhi ya watu ndivyo huwa.

"Kwa hiyo kikohozi changu kinatoka kwenye kidonge?" Taratibu aliuliza.

"Ndiyo. Ungeweza kunywa dawa za kikohozi mpaka mwakani."

"Na hii chupa?"

Daktari alisoma karatasi ya chupa, akafunua sura nyingine. Dawa ile ilikuwa na kitu cha kuzibua pua, na kitu hicho hubana mishipa. Kwa mwenye presha ni kuongeza kuni kwenye moto. Akamwambia aiache leo hii.

Binti alikuwa akisoma ukurasa, kidole chini ya mstari.

"Swali hili lilikuja kwenye mtihani wangu," alisema mwishowe. "Niliandika 'kikohozi kikavu' na nikapata. Halafu baba akanipigia simu anakohoa, na wala sikumuuliza anameza dawa gani."

"Ulikariri orodha," daktari alimjibu. "Orodha inatoka kichwani ukishatoka kwenye chumba cha mtihani. Kitabu kikubwa kinakupa sababu, na sababu haisahauliki upesi. Muhtasari ni wa kukumbushia ulichokisoma. Haukufundishi usichokijua."

Taratibu alikuwa na swali lililomsumbua tangu siku ile. Akalitoa.

"Daktari, usinielewe vibaya. Siku ile ulipofungua kitabu, hukuwa unajua?"

"Nilihisi," alisema daktari. "Ila kuhisi peke yake hakutoshi. Nilitaka kujua nikikutoa kwenye kidonge hiki nikuweke kwenye kipi, kwa kipimo gani, na kama figo zako zitakikubali. Dawa ni nyingi, baba. Kichwa changu ni kimoja, na kila mwaka zinatoka nyingine. Kitabu hiki kinaniambia dawa inafanya nini mwilini, inatokaje, inagombana na dawa gani na nani asipewe kabisa. Na chenyewe kinazeeka. Nilichosomea chuoni nimeshakistaafisha, nikanunua chapa mpya."

Akamwagiza apimwe damu siku ileile. Majibu yalipotoka vizuri, akamwandikia kidonge cha kundi jingine. Alimwonya mambo mawili. La kwanza, asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake mwenyewe hata ikimsumbua. Aje waibadilishe pamoja, maana presha haina kelele. La pili, kila aendapo kutibiwa au kununua dawa, ataje kila anachotumia, hata kile anachokiona hakihusiani. Kikohozi, alisema, hakitakoma leo. Kinaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kilichukua wiki tatu. Wiki ya kwanza Taratibu alinung'unika. Wiki ya pili alikohoa mara moja moja. Wiki ya tatu alimaliza siku nzima bila kukohoa na hakugundua, mpaka mkewe alipomwambia. Alikaa kitandani akashika koo lake, akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Presha nayo ilikuwa imeshuka vizuri.

Aliporudi kupimwa, alimweleza daktari kuhusu goti lake linalouma kwa kusimama sana. Daktari akashika kalamu. Taratibu akainua mkono.

"Kabla hujaandika," alisema, "fungua kitabu."

Daktari alikifungua. Wakaona pamoja kwamba baadhi ya dawa za maumivu zinapandisha presha, akachaguliwa nyingine.

Wembe ulitoka kwenye droo. Wateja wakarudi mmoja mmoja; aliyebaki alikuwa mwalimu mstaafu. Taratibu hakumfuata, alimtumia salamu tu, kwamba kikohozi kimekwisha na sababu imejulikana. Siku tatu baadaye mwalimu aliingia dukani, akavua kofia na kuitundika.

"Nimebaki na sikio moja zima," alisema. "Nimekuja kulihatarisha."

Alikaa. Kwenye benchi la kusubiria binti alikuwa amekipakata kitabu kinene cha dawa alichoazima maktaba ya chuo, na daftari pembeni. Alikuwa akiandika sababu za mambo, si orodha. Mwalimu alimtazama kupitia kioo.

"Huyu bado anasoma tu? Nilidhani anakaribia kumaliza."

Taratibu alimfunga kitambaa shingoni, akapaka povu taratibu.

"Hamalizi, mwalimu. Siku daktari akiniambia amemaliza kusoma, mimi simwendei tena."

Mwalimu aliguna, akaegemeza kichwa. Taratibu akaanza kumsimulia habari za mtaa, na wembe ukashuka shavuni bila kutetemeka. Alipofika kwenye sikio la pili, mwalimu alikuwa amelala.