Kishikizo cha Dirisha la Idete

Dativa alivuta kamba, pazia kubwa la rangi ya maziwa likafunguka, na nyuma yake alikuwa amekaa mtu aliyekufa.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, siku ya pili ya Maonyesho ya Mapazia na Vifaa vya Madirisha, katika ukumbi mmoja mjini Ifakara. Watu kama arobaini walikuwa wamesimama mbele ya banda la Dativa wakisubiri kuona reli mpya ya pazia inavyofanya kazi. Wengine walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwanamke mmoja alicheka. Kisha akauona ulimi wa yule mtu, kicheko kikamkatika.

Inspekta Levina Ngwega alifika baada ya dakika ishirini, akiwa na Sajenti Masanja.

"Funga milango," alisema. "Asitoke mtu."

Amri hiyo ilizidisha hofu. Ukumbi ulikuwa na mabanda thelathini, na kila banda lilikuwa limening'inizwa vitambaa kutoka darini hadi sakafuni. Feni zilivipepea taratibu. Watu walisogea katikati ya ukumbi, wakasimama wamebanana, mbali na kila pazia. Hakuna aliyejua kilichokuwa nyuma ya yale mengine.

Marehemu alikuwa Gasper Likwembe, fundi wa kufunga mapazia, mwenye umri wa miaka thelathini na minane. Alijulikana kuanzia Lupiro hadi Mlimba. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari.

Daktari wa polisi aliinama, akaichunguza shingo kwa muda.

"Amenyongwa," alisema. "Jana, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Lakini si kwa kamba. Tazama."

Kuizunguka shingo kulikuwa na mstari wa vishimo vidogo vya duara, vyenye nafasi sawasawa, kama rozari iliyokandamizwa kwenye udongo mbichi.

Masanja, aliyekuwa akipekua mifuko ya marehemu, alitoa kipande kidogo cha plastiki chenye matundu mawili ya skrubu.

"Hiki nini?" Levina alimuuliza Dativa.

Dativa alikuwa amekaa chini. "Ni kishikizo, afande. Cha blaindi. Yale mapazia ya kuviringisha, yanayovutwa kwa mnyororo wa shanga za plastiki. Kishikizo unakifunga ukutani, kinaukaza mnyororo usining'inie."

"Ukining'inia kuna nini?"

"Watoto. Mtoto akicheza nao, unaweza kumnasa shingoni."

Levina alikigeuza kishikizo kiganjani.

"Gasper alizungumza na nani jana?"

"Na watu wengi. Ila saa nane alikuja mama mmoja amevaa nguo nyeusi. Walikwenda pale nyuma ya banda. Gasper alikuwa analia, afande. Mtu mzima, analia."

"Unamfahamu huyo mama?"

"Ni yule wa Idete. Mwanawe alikufa kwa mnyororo wa blaindi mwezi wa tatu."

Levina alimfahamu. Jalada la kifo hicho aliliandika yeye mwenyewe.

Mtoto aliitwa Kelestini, mwenye umri wa miaka minne. Baba yake alikuwa amejenga nyumba ya madirisha makubwa ya vioo, akataka blaindi kama za ofisini. Muuzaji alileta maelezo yaliyopigwa chapa: kishikizo kilifungwa, mama ndiye aliyekitoa. Mama hakuwa na maelezo. Alikuwa na kilio tu. Levina alimwamini mwenye karatasi. Chini ya jalada aliandika: uzembe wa mzazi. Mama huyo, Natalia, hakushtakiwa, lakini neno hilo lilifika Idete kabla yake. Mumewe alihamia shambani, na mama mkwe pamoja na kijiji kizima wakaanza kumwita aliyemuua mwanawe.

Muuzaji yule alikuwa Fridolin Mkopi, na sasa alikuwa mwenyekiti wa maonyesho.

Walimhoji katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, shati jeupe, sauti ya upole.

"Gasper alikuwa fundi wangu kwa miaka sita," alisema. "Huu ni msiba wangu."

"Ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Nikaenda nyumbani."

"Funguo za ukumbi ziko kwa nani?"

"Ninazo mimi. Mlinzi naye anazo."

"Alikuwa na adui?"

Mikono ya Fridolin ilikuwa chini ya meza. "Sipendi kumsema mtu aliyefiwa. Lakini yule mama alikuja jana. Macho yake yalinitisha."

Nje, Masanja alifunga daftari lake. "Afande, sababu anayo, na ameonekana. Twende tukamkamate."

Levina alielekea garini. Hofu yake ilikuwa na pande mbili. Kama Natalia ameua, basi ameua mtu aliyetonesha kidonda ambacho yeye Levina alikuwa amekichimba. Kama hakuua, basi jalada lile lilikuwa uongo, na mwenye uongo huo alikuwa ndani ya ukumbi.

Walifika Idete saa sita mchana. Mawingu mazito yalikuwa yakishuka kutoka milima ya Udzungwa, na mashamba ya mpunga yalikuwa kimya. Natalia alikuwa uani akipepeta mchele. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Aliweka ungo chini, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Natalia." Levina alishindwa kumtazama machoni. Alitazama dirisha. Blaindi haikuwepo. Blanketi lilikuwa limepigiliwa misumari mahali pake. "Jana ulikwenda Ifakara kufanya nini?"

"Gasper aliniita. Alinipigia simu mara tatu."

"Alikuambia nini?"

"Aliniomba msamaha. Alisema kishikizo hakikufungwa kwangu hata siku moja. Bosi wake aliwakataza mafundi kuvifunga." "Alisema si kwangu tu. Akasema leo asubuhi atasimama mbele ya watu wote, awaambie. Alitaka niwepo nisikie. Nikamwambia sitaweza kusimama humo ndani, kwenye minyororo ile."

"Ukaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa, kwa bodaboda ya Valeriani wa hapo njia panda. Muulizeni." Ndipo akaona sura zao. "Kuna nini?"

"Gasper ameuawa."

Natalia alikaa chini pale pale, juu ya pumba. "Basi hakuna tena wa kunisemea," alisema.

"Nionyeshe viganja vyako," Levina alisema.

Viganja vilikuwa vigumu, vina sugu za jembe. Anayemnyonga mtu mzima kwa mnyororo wa shanga lazima auzungushe mikononi na kuvuta kwa nguvu zake zote. Shanga zingeacha alama kwake pia. Kwa Natalia hakukuwa na alama yoyote.

Valeriani alithibitisha: saa kumi kasorobo alikuwa amemshusha Natalia mlangoni kwake, na majirani walimwona hadi usiku.

Mvua ilianza walipokuwa njiani kurudi. Ukumbini watu walikuwa wamekwisha kuandikisha maelezo na kuruhusiwa kuondoka. Yalibaki mabanda na vitambaa. Levina alimwacha Masanja mlango wa mbele, akaenda peke yake hadi banda la Fridolin.

Blaindi kumi na mbili zilikuwa zimening'inia kwa mstari mbele ya madirisha ya ukumbi. Alivaa glovu, akaanza kuzikagua shanga za kila mnyororo kwa tochi ya simu. Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Kwenye mnyororo wa tisa, kati ya shanga mbili, kulikuwa na kitu cha kahawia kilichokauka, na unywele mmoja mfupi.

Umeme ukakatika.

Feni zilipunguza mwendo, zikasimama. Mvua ilipiga bati kwa kishindo, na giza la mawingu likajaa ukumbini kana kwamba jua limekwisha kuzama. Kisha akasikia pete za pazia zikiteleza kwenye reli. Polepole. Mahali fulani kulia kwake.

"Masanja?"

Pete ziliteleza tena, karibu zaidi. Levina alizima tochi, kisha akajutia kuizima. Moyo ulimwenda mbio kiasi kwamba alishindwa kujua kama anachosikia ni hatua za mtu au ni damu yake masikioni.

"Umeme wa hapa ndivyo ulivyo, afande."

Fridolin alikuwa ametokea katikati ya mapazia mawili, hatua nne kutoka kwake. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kwa funguo zake. Sasa alisimama kati ya Levina na njia ya kutokea. Mvua ilikuwa imemeza kila sauti. Hata kama angepiga kelele, Masanja asingesikia.

"Nimekuja kuchukua karatasi zangu," Fridolin alisema.

"Vizuri. Nivutie hiyo blaindi iliyo karibu nawe kwanza, tupate mwanga."

Fridolin akaushika mnyororo kwa vidole viwili.

"Vuta kwa mkono mzima."

"Mkono unaniuma."

"Nionyeshe."

Hakuonyesha. Badala yake aliuvuta ule mnyororo kwa nguvu, ukang'oka, ukabaki unaning'inia mkononi mwake. Mwanga hafifu wa dirishani ulitosha kuonyesha kiganja: mistari miwili ya michubuko ya duara, yenye nafasi sawasawa. Fridolin akasogea. Levina alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa blaindi, na shanga baridi zikamgusa shingoni. Alijua ana swali moja tu la kuuliza.

"Ni nyumba ngapi, Fridolin?"

Fridolin aliacha kusogea.

"Nyumba ngapi hazina kishikizo?"

Kisha mnyororo ukaanguka sakafuni.

"Mia mbili na kumi," alisema. Akakaa chini, akaegemea kaunta ya banda lake.

Masanja alimkuta hivyo, Levina akiwa bado amesimama palepale, hawezi kusogea. Alipofungwa pingu na kusomewa onyo, Fridolin alisema anataka kueleza yote.

"Kutoboa ukuta kulichukua muda. Plasta zikabomoka, wateja wakalalamika. Nikawaambia mafundi waache. Vishikizo vyote viko stoo kwangu, magunia mawili. Yule mtoto alipokufa, nikaandika maelezo yale. Nilidhani yamekwisha."

"Halafu Gasper?"

"Alikuwa hapati usingizi. Jana jioni nilimwita ukumbini, nikamwomba anyamaze. Akanionyesha kishikizo, akasema kesho atakishika mkononi mbele ya watu. Nikaona jela. Nikaona kila mama wa bonde hili mlangoni kwangu." Alitazama viganja vyake. "Niliogopa, afande. Sikumchukia. Niliogopa tu."

"Mbona ukamweka pale mbele?"

"Nilitaka kumtoa. Nikasikia mlinzi anakuja kukagua milango. Nikamkalisha nyuma ya pazia lililokuwa karibu, nikakimbia."

Jioni ile mafundi sita na askari wanane waligawana orodha ya nyumba za wateja wa Fridolin na magunia yale mawili ya vishikizo. Walikwenda hata kwenye nyumba zilizokuwa ng'ambo ya mto. Katika nyumba ya tatu, Masanja alikuta mtoto wa miaka miwili amesimama juu ya kochi, mnyororo ameutia mdomoni. Alimshusha mtoto kwanza, ndipo akaripoti kwa simu.

Siku tatu baadaye Levina alirudi Idete na jalada jipya. Alimkuta Natalia uani, na mumewe, aliyekuwa ameitwa, amesimama kando ya ukuta.

"Niliandika uongo juu yako," Levina alisema. "Sikuuliza. Nimekuja kukusomea nilichoandika sasa."

Akasoma. Kishikizo hakikufungwa. Mama hakukitoa. Mama hana kosa.

Natalia alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Mumewe alijifuta uso kwa kiganja.

"Soma tena, mama," Natalia alisema. "Kwa sauti kubwa. Mama mkwe yuko jikoni."

Levina akageukia upande wa jikoni, akaanza upya.