Mshereheshaji Aliyepiga Kelele kwa Mikono

Ndugu zangu, majirani zangu, na hata nyinyi msionijua, sogezeni viti. Mimi ni msusi, na msusi akishakushika kichwa huondoki mpaka hadithi iishe. Hii nayo ni ya kweli kwangu, maana niliiona kutoka dirishani kwangu. Mkitaka kuniita mmbea niiteni, lakini sikilizeni kwanza.

Ukuta wa ua wangu na wa Kipaza ni mfupi kiasi cha kupitishiana chumvi, na dirisha langu linatazama moja kwa moja sebuleni kwao. Kipaza ndilo jina tulilompa mshereheshaji wa mtaa wetu, bingwa wa kuongoza harusi. Akiuliza "Mpo?" ukumbini, hata wapishi jikoni waliitikia. Mkewe ni muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Nadhani hilo ndilo lililoiokoa ndoa yao, kwa sababu wangekuwa wasemaji wote wawili, nani angesikiliza?

Walijaliwa binti mmoja, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo. Tulimwita Macho, kwa kuwa hakuna kilichompita. Macho alizaliwa kiziwi. Alisoma shule ya watoto viziwi, akienda asubuhi na kurudi jioni, na alizungumza kwa lugha ya ishara, mikono mbio mbio, uso ukicheka na kununa kwa wakati mmoja. Mama yake alijifunza lugha hiyo tangu mtoto akiwa anatambaa.

Na baba je? Baba alikuwa na mkalimani. Akitaka kumwambia mwanawe jambo, alimgeukia mkewe: "Mwambie avae sweta." Mtoto akijibu, alimgeukia tena: "Anasema nini?" Miaka ikapita hivyo. Nyumba ilikuwa tulivu, hakuna aliyegombana na mwenzake, na mpita njia angeapa kwamba hapo pana raha tupu.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kufunga milango. Harusi zikapigwa marufuku, shule zikafungwa, saluni yangu ikawekwa kufuli. Muuguzi akapangiwa wodi ya wagonjwa wa kutengwa, na ili asiwaletee watu wake maradhi, akaambiwa alale huko huko hospitalini. Alibeba begi lake, akawapungia mkono kutoka getini, akaondoka. Kipaza na Macho wakabaki wanatazamana.

Siku za mwanzo mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kipaza alidhani kuongeza sauti kutasaidia. "CHAI!" alinguruma, na mbwa wa nyumba ya tatu akabweka. Macho alimtazama tu, akanywa maji. Alipoona sauti haifui dafu, akaanza kumpigia mkewe simu ya video ili atafsiri. Kuoga, simu. Kulala, simu. Na Kipaza hajui kuzungumza na simu bila spika, kwa hiyo mtaa mzima tuliingia kwenye kikao.

Asubuhi moja nilisikia sauti ya mkewe imebadilika.

"Baba Macho, nimetoka sasa hivi kumshika mtu mkono akitafuta pumzi. Wewe unanipigia nikuulizie mtoto anataka yai la kukaanga au la kuchemsha?"

"Sasa mke wangu, nifanyeje? Mimi lugha yake siijui."

"Hilo ndilo tatizo. Hebu nigeuzie simu kwa mtoto."

Nilichungulia. Macho alikuwa ameiegemeza simu ukutani, mikono ikisema polepole, si kawaida yake. Alipomaliza aliingia ndani.

"Anasema nini?" Kipaza akauliza, ameichukua simu.

Kwenye spika nikamsikia mkewe akipenga kamasi.

"We, nakuuliza. Anasema nini?"

"Anasema shule ikifunguliwa apelekwe bwenini, akae huko moja kwa moja. Nimemuuliza kwa nini. Anasema nyumbani hakuna mtu."

Ndugu zangu, nimemfahamu Kipaza miaka mingi na sijawahi kumwona vile. Alikaa kwenye ndoo aliyokuwa ameipindua, simu mkononi, akiangalia mlango alioingilia bintiye. Roho iliniuma, nikafunga pazia. Ndiyo, hata mimi nina mipaka.

Hebu niwaulize, nyinyi mlifanya nini kipindi kile? Mtaani kwetu kuna bwana mmoja alilala mpaka godoro likachukua umbo lake. Mwingine alikesha akisambaza dawa za kubuni kwenye simu, leo tangawizi, kesho mvuke wa majani asiyoyajua. Muda tulikuwa nao wa kumwaga. Kipaza naye angeweza kuinama kwenye simu na kungoja harusi zirudi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kesho yake nilimwona anabisha mlango wa chumba cha bintiye kwa kuwasha na kuzima taa, kama alivyomwona mkewe akifanya. Macho akatoka. Kipaza akajionyeshea kidole kifuani, akaonyesha mikono yake, akapiga magoti. Mtu mzima, kitambi chake chote, magotini. Macho alimkodolea macho kwa muda, kisha akaenda kuleta kiti na kumkalisha kama mwanafunzi.

Mwalimu alikuwa mkali, jamani! Ukikosea, alikuwa anakuwekea alama ya kosa hewani kwa kidole. Kipaza alikosea kutwa. Mwenyewe alinisimulia ukutani kwamba alitaka kusema amekula yai, akasema amekula shangazi, na Macho akagaagaa sakafuni kwa kicheko. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko cha mtoto yule. Ni kikubwa, cha kupasuka, cha baba yake kabisa.

Siku nyingine Kipaza aliuliza jina lake yeye baba ni lipi, kwa sababu viziwi humpa kila mtu jina la ishara. Macho akasita. Mwishowe akaonyesha vidole vikifunguka na kufungika, mdomo unaopayuka bila kupumzika. Kumbe miaka yote hiyo ndilo lililokuwa jina la baba. Kipaza alicheka, lakini niliona alivyojifuta uso kwa shati. Jina lile lilimchoma.

Kosa lake kubwa lilikuwa lile ambalo mshereheshaji peke yake angelifanya. Kila ishara aliifanya ukumbi mzima uione. Neno "chai" lilianzia begani na kuishia ukutani. Siku moja akiwa katikati ya sentensi aliipiga chupa ya chai ikaruka, taa ya mezani ikafuata. Macho akaishika mikono ya baba yake yote miwili na kuituliza. Halafu akamwambia jambo, na Kipaza akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Jirani! Umesikia? Mtoto ananiambia napiga kelele!"

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono! Anasema watu wawili wakikaa karibu hawazungumzi namna hiyo."

Basi akajifunza kuipunguza mikono, kuileta karibu na kifua, na kungoja mwenzake amalize. Lakini kitu kimoja hakuhitaji kufundishwa. Uso! Lugha ile nusu yake iko usoni, na uso wa Kipaza umezoea kuchekesha watu mia tano. Akaanza kumsimulia bintiye visa vya harusini: bwana harusi aliyesinzia, keki iliyotumbukia mapajani mwa mkwe. Macho akamsimulia visa vya shuleni, na nikamwona Kipaza akifanya kitu kigeni kabisa kwake. Alikuwa ananyamaza na kutazama.

Muuguzi alirudi siku ambayo hawakumtarajia, baada ya wodi yake kupungua wagonjwa. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, nikaenda naye mpaka mlangoni, mbali mbali kidogo, barakoa usoni. Ndani, baba na binti walikuwa wanabishana kwa mikono, wakionyeshana sahani chafu, juu ya nani aoshe vyombo, na walizama humo hata hawakutuona. Mama wa watu aliweka begi chini. Alisimama palepale akiwatazama, machozi yakiloanisha barakoa.

Macho alipogeuka na kumwona, nyumba ililipuka. Vicheko, vilio, kukumbatiana, kurukaruka. Kulipotulia, mama alimuuliza bintiye kwa mikono na kwa mdomo pamoja, nami nikasikia: "Shule zinakaribia kufunguliwa. Bado unataka nikuombee nafasi ya bwenini?"

Macho akamtazama baba, akajibu kwa mikono. Mimi sikuelewa kitu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mama akafungua mdomo kutafsiri, kwa mazoea ya miaka. Kipaza akamuwahi. Aliongea taratibu, sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Anasema hawezi kwenda bwenini, jirani. Anasema ana mwanafunzi huku nyumbani, na bado hajafaulu."

MAFUNZO

Elimu haina uzee, na wala haingojei shule. Mungu akikupa muda wa kukaa nyumbani, iwe kwa maradhi, kwa mvua au kwa kukosa kazi, usiupe godoro. Jifunze kitu. Jifunze kupika, kushona, kusoma, vyovyote. Lakini kabla hujaenda mbali, angalia nyumbani mwako kwanza: yupo mtu unayezungumza naye kwa kupitia mwingine? Anzia kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na nyinyi akina baba mnaosema "mwambie mtoto", mtoto yuko hapo hapo, mbele yenu. Mwambieni wenyewe.