Niliidharau Oili Nyepesi, Shemeji Yangu Akafia Njiani

Mimi ni fundi magari wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nina miaka arobaini na sita, na nimemuua mke wa mdogo wangu. Nasema mapema, wasomaji wenzangu, asije mtu akanionea huruma bure.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, Palma ilichanganyikiwa. Wageni walijaa, kila kijana akataka kazi kwenye kambi ya gesi. Mdogo wangu Saidi, niliyemlea tangu wazazi wetu walipofariki, alipata udereva. Haukupita muda akanunua gari la mbio lililotoka ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania. Dogo, la chini, lakini linavuta kwa magurudumu yote manne. Jamani, lile gari lilikuwa linakimbia!

Aliniletea nilibadilishe oili, akaja na makopo mawili ya Mtwara. Moja lilikuwa na oili nzito ya difu, lile kasha la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. La pili lilikuwa na oili nyekundu, nyepesi, ya transfa, lile kasha linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

"Mano, usizichanganye," aliniambia, akiniita kaka kwa Kireno kama kawaida yake. "Aliyeniuzia amesisitiza sana."

Nilichovya kidole kwenye ile nyekundu... Maji matupu! Sisi mafundi wa huku tulijifunzia kazi kwenye malori kuukuu. Oili tuliipima kwa vidole viwili: ikivutika kama uzi ndiyo oili, isipovutika kampe fundi cherehani. Basi nikajaza ile nzito kotekote. Kwenye difu ilikuwa mahali pake. Lakini na kwenye transfa pia! Lile kopo la oili nyekundu nikalisukuma nyuma ya rafu, na Saidi aliporudi nikamwambia nimefanya kama alivyosema.

Kwa nini nilidanganya? Kiburi tu. Sikutaka mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika spana aje kunifundisha kazi.

Siku chache baadaye gari likaanza kuvuma kwa chini, na kwenye kona likawa linajikaza. Nilijua. Wallahi nilijua! Nikamwambia gia bado zinazoeana, zitatulia.

Mkewe, Zaina, alikuwa na mimba ya kwanza. Kama ilivyo ada yetu, alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kijijini Pundanhar. Asubuhi moja simu ikaja: uchungu umemshika tangu jana, mtoto hatoki, awahishwe hospitali Palma. Saidi alinifuata gereji mbio. Mkubwa wake wa kambini alikuwa tayari kumwazima pikapu.

"Mano, niende na langu, au nikachukue pikapu?"

Ningesema chukua pikapu, angeuliza kwa nini... Nikasema, "Nenda na lako, lina mbio."

Kwenda lilifika. Wakati wa kurudi, katikati ya mchanga, jua la utosi, transfa ikapata moto, ikakamata. Magurudumu yote yakagoma! Hakupita gari lolote. Zaina alijifungua kando ya barabara, mikononi mwa mama yake, na damu haikukatika. Lori la mbao lilipotokea, alikuwa ameshakata roho. Mtoto, wa kike, alikuwa hai.

Tulimzika Pundanhar. Kesho yake nilikwenda na Saidi kulivuta gari. Akajilaza chini mwenyewe, akafungua nati ya kumwagia oili. Ikatoka nyeusi, nzito, inanuka kuungua.

"Mano," akasema, "ile nyekundu uliipeleka wapi?"

Nililia, nikamshika miguu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alimchukua mwanawe akahamia Mtwara. Nimetuma watu wazima waniombee radhi. Alijibu kwamba amenisamehe mbele ya Mungu, ila nisifike kwake.

Mafundi wenzangu, kila kasha lina oili yake. Someni, ulizeni, msitegemee vidole. Na ukishakosea, sema! Sema siku hiyohiyo, hata ukichekwa na mji mzima. Nawasihi, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi ili niendelee kuitwa fundi.

Bado wananiita fundi. Na binti wa Saidi, nasikia, ameanza shule. Ameambiwa kwamba baba yake alizaliwa peke yake.