Uzito wa Kizimba Kitupu

Siku ya tatu baada ya kuhamia nchi ile, Mama Kidosho aliinama kukiinua kizimba cha paka ili akiweke juu ya kabati, kikamshinda.

Kilikuwa kizimba cha plastiki chenye mlango mdogo wa nondo, cha kumsafirishia paka kwenye ndege. Siku waliyokinunua alikibeba kwa kidole kimoja kutoka dukani, bintiye akicheka. Paka mwenyewe alishatoka. Ndani kilibaki kitambaa kimoja tu, lakini kizimba kilikuwa kizito kama kilichojazwa mchanga mbichi.

"Uchovu wa safari huo, mke wangu," mumewe alisema. Alikuwa fundi wa lifti, na kazi hiyo ndiyo iliyowavusha mipaka. Alikishika kwa mikono miwili, akaguna, akakirudisha chini. "Plastiki za siku hizi nazo!" Akaenda kuoga.

Paka wao aliitwa Bwana Afya, kwa sababu kule walikotoka hapakuwa na sufuria iliyobandikwa jikoni bila yeye kuikagua. Fomu zake za safari zilikuwa nyingi kuliko za familia nzima: chanjo, vipimo, mihuri ya daktari wa mifugo. "Huyu ndiye balozi, sisi ni wabeba mizigo wake," fundi wa lifti alitania uwanja wa ndege. Lakini hapa Bwana Afya hakukagua chochote. Tangu alipotolewa kizimbani alikaa kwenye korido, mbele ya ule mlango wa nondo, mkia ameuzungusha miguuni, macho ameyakaza ndani. Ukimletea chakula, alikula bila kukitazama. Ukimwita, ni sikio moja tu lililogeuka.

"Anafanya nini hapo siku nzima?" mama aliuliza.

"Yuko kazini," Kidosho alijibu. Alikuwa na miaka mitano, na katika nchi ile yote hakuwa na rafiki mwingine. "Anamzuia."

"Anamzuia nani, mwanangu?"

Kidosho alipandisha mabega. "Hana jina. Hakuna aliyempa."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Aliona ni upweke tu. Upweke aliujua, yeye mwenyewe alikuwa akisimama kwenye ngazi za ghorofa kila asubuhi, walau apate mtu wa kusalimiana naye. Jirani wa mlango wa pili, muuguzi, aligundua hilo, akaanza kuchelewa makusudi kufunga mlango wake ili wakutane. Wema mdogo kama huo Mama Kidosho hakuusahau. Ndiyo maana alikitunza kikaratasi alichokikuta kimebandikwa ubavuni mwa kizimba, kimeandikwa kwenye stoo ya wanyama ya uwanja wa katikati, pale walipobadilisha ndege: "Alikuwa anatetemeka. Nilimpa maji, nikamwachia mlango wazi apate hewa. Hakutaka kutoka." Hapakuwa na jina la mwandishi. Mama Kidosho alimwombea heri, popote alipo.

Kufika siku ya kumi, Bwana Afya alikuwa mbavu tupu. Alisinzia akiwa amekaa, kichwa kinaanguka, kinashtuka, kinaanguka tena, kama mlinzi aliyeunganishiwa zamu mbili. Huruma ikamzidi mama. Ilikuwa saa nane mchana, Kidosho amelala chumbani kwake, mlango mama ameufunga. Mama akambeba paka. Yule paka ambaye hajawahi kumparura mtu alimchana mkono hadi damu, akalia kwa sauti kama ya mtoto mchanga. Mama hakumwachia. Alimpeleka kitandani kwake, akambembeleza, akafunga mlango, na kabla hajakiachia kitasa, paka alikuwa ameshazama usingizini.

Akaenda roshani kuanua nguo.

Alikuwa na shati la mumewe mkononi aliposikia komeo dogo la kizimba likisema, ta. Kisha ikaja harufu: gunia bichi, chuma kilicholala kwenye baridi, pumzi ya mnyama aliyefungiwa muda mrefu. Alitembea polepole hadi kwenye korido, akauona mlango wa nondo uko wazi, akatia kidole kimoja kwenye mpini, na kizimba kikaja juu, chepesi, chepesi kama siku ile ya dukani, na hapo ndipo mwili ulipomsisimka, kwa sababu alielewa kwamba uzito ule haukuwa wa plastiki, ulikuwa wa kitu, na kitu chenyewe hakimo tena, na mlango uliofuata pale koridoni ulikuwa wa chumba cha Kidosho, mlango alioufunga kwa mkono wake mwenyewe, na sasa ulikuwa umeachama.

Mtoto alilala chali. Juu ya nyayo zake shuka lilikuwa limebonyea, na godoro limefanya shimo la duara, kama mahali anapojikunja mnyama mkubwa. Hapakuwa na kitu. Lakini lile shimo lilikuwa linapumua.

Walimhamisha mtoto kitanda, shimo likahama naye. Walimlaza sakafuni, blanketi likabonyea pale pale. Siku ya pili lilikuwa limepanda hadi magotini, na Kidosho akasema nyayo zake hazisikii sakafu. Daktari alimpima kuanzia kichwani mpaka kidoleni. "Mtoto mzima kabisa huyu," alisema, akampa peremende mbili, moja ya njiani. Mama alimshukuru, akaenda kulia ndani ya lifti. Bwana Afya alilala nje ya chumba, tumbo chini, akitetemeka. Hakuthubutu kuvuka kizingiti.

Siku ya tano shimo lilifika tumboni.

"Likifika kifuani atapumuaje?" fundi wa lifti alinong'ona. Alikaa kando ya kitanda, ameushika mkono wa mtoto. Yeye aliyekuwa na utani hata msibani, leo hakuwa nao. "Watu wakikwama kati ya ghorofa na ghorofa, mimi nawatoa. Huyu wangu mwenyewe nashindwa. Mama Kidosho, nashindwa."

Mama aliinuka. Alichukua kizimba na kile kikaratasi, akaenda uwanja wa ndege, kwenye stoo ya kupokelea wanyama.

Mpokezi alikuwa mzee mwenye aproni ya mpira, anamimina maji kwenye bakuli za mbwa waliokuwa wakisubiri kuchukuliwa. "Keti, binti yangu," alisema. "Si hicho. Hicho kina mwenyewe."

Kiti kilikuwa kitupu. Mama alihamia cha pili, akamsimulia yote. Mzee alikisoma kikaratasi mara mbili.

"Aliyeandika hivi ana moyo mzuri," alisema. "Lakini kwenye zile stoo mlango hauachwi wazi. Mna majini mle. Wameishi na wanyama miaka na miaka, wanaona kila mnyama anakuja kuitwa na mwenyewe, anachukuliwa, anapelekwa nyumbani. Wao hawaitwi na mtu. Basi mlango ukibaki wazi, mmoja hujipenyeza."

"Sasa anataka nini kwa mwanangu?"

Mzee alikigeuza kizimba, akaigonga kwa ukucha lebo iliyobandikwa juu yake. "Nani aliyeandika jina la mtoto hapa, kwenye mstari wa mwenyewe?"

Mama aliitazama ile lebo. Siku ya safari Kidosho alilia hadi sauti ikakauka, akidhani paka anapelekwa kwa watu wengine. Fomu zote zilikuwa na jina la baba. Ila ile lebo ya mwisho, ili kumtuliza, mama aliijaza kwa jina la bintiye. Unaona? Ni wako. Wako peke yako.

"Ni mimi," alisema.

"Basi amesafiri kwa jina hilo. Amefika kwa mwenyewe. Hana ubaya naye, binti yangu, anampenda. Ila hajui uzito wake."

"Mfukuze, baba. Nakuomba."

"Hawa hawafukuziki. Nimeona waganga wakiacha vibuyu vyao hapa hapa, wakatoka mbio. Kinachowezekana ni kumbadilishia mwenyewe. Mtu mzima, kwa hiari yake, aandike jina lake, kisha amwite. Na amwite kwa moyo. Sauti ya uongo wanaijua."

"Mtu mzima anaweza kumbeba muda gani?"

Mzee alikitazama kile kiti kitupu. "Mimi huu mwaka wa kumi na tisa. Nikiwa na wageni, hukaa pale." Akachomoa kalamu mfukoni, akamwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Nenda nayo. Wino wake haufutiki."

Alipofika nyumbani, shimo lilikuwa limegusa kifua. Pumzi za Kidosho zilikuwa fupi, nusunusu, midomo imeingia rangi ya majivu, na baba yake alikuwa amepiga magoti akisukuma hewa kwa mikono yote miwili, anasukuma, anateleza, anasukuma tena. Mama alilikata jina la mtoto kwenye lebo, akaandika lake. Hakuna kilichotikisika. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Njoo," alisema. Lakini sauti ilikuwa ya hofu, na shimo lilizidi kuzama, na kutoka kwenye koo la mtoto ukatoka mluzi mwembamba, na mama akafumba macho akajilazimisha kuiona ile stoo, giza lake na baridi yake na makasha yaliyopangwa hadi darini, na milango inafunguliwa na watu wanaingia wanacheka wanaita majina, huyu anaitwa, yule anaitwa, na kona moja ya mwisho ambayo haijawahi kuitwa tangu kuumbwa kwake, na huruma, ile ile iliyomponza, ikamjaa tena mpaka ikamwagika.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Nimekuja kukuchukua."

Godoro likainuka polepole, shimo likajaa. Mbao za sakafu zikalia, moja baada ya nyingine, kuja upande wake. Harufu ya gunia bichi ikampita usoni. Kisha uzito ukapanda juu ya mapaja yake, hatua kwa hatua, kwa adabu, ukazunguka mara tatu, ukatulia.

Kidosho alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa kisimani. "Mama," alisema, "nina njaa." Bwana Afya akavuka kizingiti, akaruka kitandani, akajikunja kwenye kwapa la mtoto, na dakika ile ile akaanza kukoroma.

Fundi wa lifti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Limeondoka? Mama Kidosho, limeondoka kweli? Inuka basi tumpe mtoto chakula! Mbona umekaa hapo?"

Mkewe hakuinuka. Gauni lake lilikuwa limebonyea mapajani, na mkono wake ulikuwa ukipita juu ya hewa taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama unaofuata manyoya.

"Punguza sauti, Baba Kidosho," alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."